Neno Nililoandika Kwenye Daftari Lako

Mpendwa kaka Paskali,

Sina anwani yako. Mara ya mwisho tulisikia uko Mirerani unawajengea nyumba watu wa madini, halafu mtu mwingine akasema amekuona Singida, halafu kimya. Kwa hiyo barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, na anayekufahamu akusomee. Isitoshe, mimi nilikuaibisha mbele za watu. Sioni kwa nini nikuombe radhi kwa siri.

Unaikumbuka miaka ile mkoa ulipokuwa mpya. Babati ilijaa wageni wenye mabegi na mafaili, kila mmoja anatafuta chumba cha kupanga, na fundi mwashi alikuwa mtu wa kubembelezwa. Ulikuwa unatoka Singe kwa baiskeli asubuhi na mapema, mwiko na timazi ndani ya mfuko wa saruji, unapita kwangu kunywa chai ya kusimama. Kila siku lazima uunyooshee kidole ukuta wa sebule yangu: "Huyu aliyekujengea hapa alikuwa anawahi wapi?" Nami nakwambia unywe chai uondoke. Nilizipenda sana zile asubuhi, ingawa sikuwahi kukwambia.

Kisha Baba Jofrey, mwenzako wa kazi, akaanguka kwenye jengo mlilokuwa mnalijenga. Jukwaa la miti lilimwachia akiwa juu, na siku ya tatu akafariki. Mji mzima ulijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba jukwaa lile ulilifunga wewe. Hilo nilielezwa na mkeo, wakati umeshaondoka.

Baada ya msiba ukaanza kuja kwenye kituo chetu cha afya. Kwanza ulikuja na tumbo, nikakupa dawa ya tumbo. Ukaja na kichwa, nikakupa dawa ya kichwa. Mara ya tatu ulikuja na kiganja kilichochanika, unanuka pombe saa nne asubuhi, na foleni ya akina mama wenye watoto ilikuwa imefika nje ya mlango. Wakati nakushona ulisema taratibu, "Marta, mimi silali." Nikakujibu, "Utalalaje na hizo pombe?" Nilimaliza kushona, nikafunga bandeji vizuri, nikaandika kwenye daftari lako: *Mlevi. Aache pombe.* Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Wajua kwetu mgonjwa hutunza daftari lake mwenyewe, hili hili la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Na nyumbani kwenu utaratibu ulikuwa mmoja: mama yetu, ambaye hajui kusoma, humwita Neema asome nesi ameandika nini, ili saa za dawa zisikosewe. Mwanao alikuwa darasa la tatu, anasoma kwa sauti ya kujivunia. Siku hiyo jumuiya ilikuwa imekuja kusali kwenu, sebule imejaa. Nimeambiwa aliyasoma maneno yote matatu bila kukwama, kisha akauliza, "Bibi, mlevi ni baba?"

Wiki haikuisha, ukaondoka. Sikukufuata. Nilikuwa na hasira, nikawaambia watu kwamba nimeandika kilichokuwepo, na kwamba mtu mzima hakimbii nyumba kwa sababu ya daftari. Hasira ile ilikaa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Miaka imepita. Mwaka huu alitujia mkufunzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliyezunguka vituo vya afya kutusaidia kuingiza matatizo ya akili, mawazo na ulevi ndani ya matibabu yetu ya kila siku, badala ya kungoja mtu aharibike ndipo apelekwe hospitali ya mbali. Mganga mfawidhi wetu alifurahi sana. Akatoa chumba kilicho karibu na stoo, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu AFYA YA AKILI. Mwezi mzima hakuingia mtu. Mama mmoja wa Bonga, nilipomwelekeza mlango ule, aliniuliza, "Nesi, kwani nimekukosea nini?" Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaagiza maandishi yale yafutwe. Maswali yahamie kwenye meza ya presha, akasema, maana hapo kila mtu anapita na hakuna anayejua jirani yake ameulizwa nini.

Tulianza kwa kuuliza, "Una mawazo?" Kila mtu alijibu, "Nani hana?" Mzee mmoja akaniuliza mimi ninayo mangapi. Tukajaribu maneno mengine, yakagoma. Lililokubali ni dogo kabisa: "Usingizi ukoje?" Mtu wa huku atakuficha mengine yote, lakini usingizi anausimulia kama anavyosimulia mvua. Siku ya kwanza nilipojisikia nikiuliza hivyo, mkono ulinisimama juu ya kipira cha mashine. Lilikuwa swali ambalo wewe ulinijibu bila hata kuulizwa.

Tulipokuwa tunapanga utaratibu nilisema majibu yasiingie kwenye daftari la mgonjwa. Yakae kwenye kadi, kabatini kwetu, na daftarini iandikwe tarehe ya kurudi tu. Mkufunzi akauliza kwa nini. Nikasema, "Watoto wanasoma." Akanitazama, akaandika. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye foleni.

Sasa sababu ya barua hii. Wiki ya pili ya swali letu jipya, Mama Jofrey alikuja kutoka Maisaka kupima presha kama kawaida yake. Ninayoyaandika hapa ametaka mwenyewe niyaandike. Nikamuuliza usingizi ukoje.

"Tangu msiba wa Baba Jofrey nalala vipande vipande," akasema.

"Unaamshwa na nini?"

"Na kaka yako."

Nikaweka mashine chini. Akanieleza kwamba mumewe, kabla hajakata roho, alimwambia alizifungua kamba mbili za jukwaa mchana ule, ulipokwenda kufuata mchanga. Alitaka kufungia ngazi, na alikusudia kuzirudisha. Akasahau, akapanda. Alimwagiza mkewe akwambie, lakini wewe hukukaa matangani. Ulisimama mbali siku ya mazishi, ukaondoka. Mama Jofrey akadhani umemkasirikia marehemu kwa kukuharibia kazi, akaona aibu kukufuata. Alipopata ujasiri, akasikia umehama.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza. "Si unakuja hapa kila mwezi?"

"Wewe unanipima presha," akasema. "Hujawahi kuniuliza kitu."

Kaka, jukwaa ulilifunga sawasawa. Hukumuua mtu. Maneno haya yalikuwa Maisaka muda wote, mwendo wa baiskeli tu kutoka Singe, na mimi nilikuwa nakutana na aliyeyashika kila mwezi. Nilikuwa na dakika mbili za kukuuliza kwa nini hulali, nikazitumia kutafuta rula. Nisamehe. Naona aibu, na nimekukumbuka mno.

Wote ni wazima. Neema yuko sekondari, amemzidi mama yake kwa urefu. Mkeo yupo, hasemi mengi, lakini mtu akitokea upande wa Singida humkosi pale kumuuliza. Kama bado unakunywa, njoo hivyo hivyo, siku hizi tunajua pa kuanzia. Na usipotaka kuhudumiwa na mimi, pale mezani tuko wauguzi wawili. Mchague mwenzangu, sitanuna.

Jambo moja tu. Mama Jofrey anaomba ukifika Babati uanzie kwake, kabla ya kwenu. Mama kwanza alikataa kabisa, mtoto aanzie kwao. Nilipomsimulia yote, akasema, "Mwambie aanzie huko. Sisi tumeshazoea kungoja."

Nakutakia usingizi, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Marta