Mdudu Asiye na Mdomo

Jumatatu, 3 Machi
Chooni mara tisa. Damu. Mke wangu nimemwambia ni maharage.
Mimi! Mchimba visima miaka ishirini na sita, niliyeshuka futi themanini kwa mkono mmoja, wa pili umeteguka! Kisima kikitoa maji, kikombe cha kwanza nakinywa mimi, mbele ya mwenye nyumba, tope na yote. Ndiyo dhamana yangu. Sasa tumbo linasokota kama linakamuliwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mpwa wangu, binti wa dada, anayepima katika maabara ya hospitali. Akapima choo changu, akaniambia chungulia kwenye hadubini. Heri ningekataa. Kitu kama ute — kinatambaa! Kinatoa guu, kinajivuta. Amiba, anasema.
Nikauliza mdomo uko wapi, nimjue adui yangu. Hana mdomo, mjomba. Anakizunguka chakula kwa mwili wake, anakifumbata, anakiyeyushia humo humo ndani. Na vile vidoa vya duara ndani yake? Akachungulia tena. Damu yako, mjomba.
Damu yangu!
Anasema utumbo anaumega ukiwa hai, kijitonge kwa kijitonge. Nikamwambia tumbo hili limewahi kuyeyusha msumari wa inchi tatu. Akasema basi huyu hajazisikia sifa zako. Vidonge siku kumi, bila kuruka hata siku moja.

Alhamisi, 6 Machi
Damu imekata! Wengine siku kumi, mimi mbili — mwili wa chuma! Vidonge vinaacha mdomoni ladha ya sarafu. Vilivyobaki nimevitupa chooni.
Mpwa kapiga simu. Unameza? Nameza, mwanangu.

Jumatano, 19 Machi
Homa. Chini ya mbavu, kulia, panachoma nikivuta pumzi. Nikitulia nasikia kama kuna kinachomega. Mke anasema hapo ni ini, na ini halina sauti. Atajuaje? Kidogo kidogo, bila mdomo...
Chakula nimekirudisha jikoni. Naogopa namlisha huyo amiba.

Alhamisi, 20 Machi
Nimekiri ya vidonge. Mpwa hakufoka. Heri angefoka.
Hospitalini wamenipiga picha ya tumbo. Kwenye ini kuna shimo, limejaa usaha, ukubwa wa ngumi. Shimo! Ndani yangu, na sikulichimba mimi! Daktari anasema ataingiza sindano auvute usaha. Likipasuka kabla — hakumalizia. Akatoka kwenda kutafuta sindano ndefu zaidi.
Naandika kitandani. Mpwa amekaa ubavuni, jicho mlangoni. Huyu huyu ambaye nikianza visa vyangu huziba masikio, eti mjomba, kamba hizo zitakunyonga. Sasa ananiambia, polepole, mjomba, hebu nipe ile ya chatu uliyemkuta kisimani. Yote. Nina nafasi.
Hajawahi kuniomba. Hata siku moja.
Nimemwambia ngoja, niandike kwanza. Chatu. Nilikuwa nimeshuka, kamba kiunoni, na chini akawepo chatu wa futi — sikumbuki huwa nampa futi ngapi