Mstari wa Mpishi

Alhamisi, 18 Oktoba 2012

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na moyo wangu umeloa kuliko nguo zilizo kambani.

Jumapili mwanangu Rehema, wa miaka minane, atasimama mbele ya watu kwenye mashindano ya madrasa aghani shairi la Kiarabu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuchaguliwa. Miezi miwili sasa analighani bafuni, analighani kwenye teksi, hadi mdogo wake halali bila kulisikia. Mimi Kiarabu changu ni cha kusalia tu, na shule niliishia la saba. Lakini shairi lile nimelibembelezea mtoto kila siku.

Jana nikamfuata ustadhi anieleze maana, ili siku hiyo nijue ninachokishangilia.

Alinieleza vizuri tu, kwa upole. Mshairi wa zamani sana anamsifu tajiri aliyemkaribisha karamuni. Mstari wa nne anaingia mtumwa wa jikoni, mwanamke. Uso wake mweusi kama tako la chungu, akicheka usiku unamkimbia, na wageni wanavunjika mbavu. Kisha shairi linarudi kwenye nyama na mkate.

Chakula kimesifiwa mistari sita. Aliyekipika kapata mmoja, wa kuchekwa.

Na mimi ni mpishi. Pale sokoni Warwick wabeba mizigo wanakula ugali na maharage yangu, na jioni nasugua masizi ya sufuria mpaka kucha zinauma.

Nikamwomba ustadhi amruhusu Rehema auruke ule mstari. Akasema, "Mama Rehema, majaji wana karatasi mkononi. Akiruka anakatwa alama. Usiyabebe moyoni, ni mambo ya kale hayo. Wako pia washairi waliowasifu watumwa, weusi wao wakaulinganisha na miski."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.

Nimeshapanda teksi, tumesimama kwenye taa za robot tunasubiri ya kijani, ndipo jibu likanijia: miski nayo inauzwa, ndani ya kichupa.

Eish. Majibu yangu huchelewa hivyo siku zote.

Nimtoe? Mtoto huyu alikuwa anakaa nyuma darasani, hasemi neno. Sasa anatembea kidevu juu. Nikimtoa itabidi nimwambie sababu, na sababu yenyewe ndiyo sitaki aijue.

Leo napiga pasi gauni lake jeupe, akaniuliza ustadhi kasemaje. Nikatafuta uongo, nikapata nusu. Nikamwambia mstari wa nne unamtaja mwanamke anayepika.

"Kama wewe, mama?"

"Kama mimi."

Akafurahi mno. Akasema basi huo atausema kwa sauti kuliko yote, nisikie hata nikikaa nyuma kabisa.

Nitakaa mbele. Akifika hapo atanitafuta kwa macho, na lazima anikute natabasamu.

Nitaweza?