Injini Niliyoihamishia Nyuma ya Kiti cha Kaka

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijashindwa kabisa kumtazama mwalimu wangu usoni. Mimi ni fundi wa magari, mwanamke, na kaka yangu ni dereva wa mashindano, na mwaka jana tuliichomoa injini ya gari lake kutoka mbele tukaiweka nyuma ya kiti chake, maana uzito ukikaa katikati gari linakata kona bila kuyumba, na kweli siku ya majaribio kaka alishuka anacheka peke yake, lakini wiki mbili kabla ya mashindano chama cha mashindano kikatoa kanuni mpya kwamba kwenye daraja letu la magari injini ibaki pale kiwanda kilipoiweka, basi kaka akaniletea fomu ya kuthibitisha kwamba gari halijabadilishwa, akasema, "Dada, weka saini tu, nani atajua?" nikaweka, na mkaguzi aliponiuliza, "Gari hili lilitoka kiwandani hivi?" nikajibu ndiyo bila kupepesa macho. Tukashinda. Mzee aliyenifundisha ufundi naye alikuwa amehamisha injini, ila yeye aliposoma kanuni aliliondoa gari lake mashindanoni mwenyewe, na siku ile tuliyoshinda akaja kunipa mkono, "Hongera, mwanangu." Tangu hapo nikimwona nabadilisha njia. Kaka anasema nikifungua mdomo mimi si dada yake tena. Nifanye nini?

Fundi Mwoga

*

Fundi, pole, lakini sikufichi: kazi ya mikono yako ni safi, kilichoharibika ni jibu ulilompa mkaguzi.

Na usijidanganye kwamba kanuni ni ya kijinga. Daraja lenu ni la magari wanayouziwa watu wa kawaida. Hata kiwanda kikubwa kikitaka injini ikae nyuma ya dereva kwenye mashindano ya namna hiyo, hutakiwa kwanza kuwauzia watu magari ya hivyo ya kuendesha barabarani. Nyinyi mliuza lini?

Kaka amekutisha kwa sababu anaogopa. Mwambie leo unachokwenda kufanya, usimwombe ruhusa. Kesho rudisha kikombe kwa chama pamoja na barua fupi. Mtafungiwa, pengine msimu mzima, vumilieni. Mkifunguliwa, tafuteni daraja ambalo injini hukaa popote, mshindane huko.

Ila kabla ya chama, pita kwa mwalimu wako. Habari za uzito na kona mwachie, anazijua kuliko wewe. Msalimie, kaa, mwambie, "Nilidanganya." Kisha nyamaza, umwache aseme yeye.