Usiniambie Hamjambo

Kaka Shabani,

Shikamoo. Hiyo naitoa kwa sababu mama alitufunza, usidhani hasira zimepoa. Leo sikuulizi hali, na wewe tafadhali usiniambie hamjambo. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Unajua nilikuomba nini. Wakulima wa mji huu ninaoishi huku Australia wameishtaki serikali yao kwa kuruhusu mgodi mpya wa makaa ya mawe. Wanasema waziri alipotia saini hakuuhesabu moshi wa makaa hayo yatakapochomwa, wala joto litakaloongezeka, wala bahari itakayowapandia watu wa mbali. Wakili wao akawatafuta hao watu wa mbali. Nikanyoosha mkono mimi, mfagiaji wa vyumba vya wachimbaji, nikasema kwetu Bagamoyo kisima cha uani kimeingia chumvi, na bahari ikijaa kwa bamvua maji yanakaribia kaburi la mama. Akasema basi kaka yako anayeishi hapo aandike aliyoyaona.

Ukaandika. Kurasa tatu, mwandiko mzuri kama wa karani. Zikatafsiriwa, na wakili wa mgodi akasimama mahakamani akasoma mstari wako wa kwanza: "Sisi huku sote hatujambo, hali ni shwari kabisa, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali."

Akavua miwani. "Mheshimiwa Jaji, shahidi huyu hana shida yoyote. Anatuonea huruma sisi."

Watu wakacheka, kaka. Nilikuwa benchi la pili, nikatamani ardhi ipasuke nizame.

Nani kakwambia jaji anaandikiwa kama mkwe? Ukamweleza mananasi ya Kiwangwa yalivyokubali mwaka huu, ukamweleza na harusi ya binti yako. Kisima ukakipa mstari mmoja: "Maji yana chumvi kidogo ila tumezoea." Kaburi la mama, kimya. Nilipoitwa kizimbani nikajaribu kueleza kwamba kwetu hata mtu aliye hoi kitandani akiulizwa hali hujibu hajambo kwanza, ndipo ugonjwa ufuate. Yule wakili akaniuliza, "Sasa ugonjwa uko ukurasa wa ngapi?"

Nilipotoka nikampigia simu Mama Mdogo, nikambana kwa nini kaburi hukulitaja, mpaka akalia.

"Mwanangu, kaburi halipo. Bamvua la mwaka jana lilibomoa ukingo. Kakako kaingia majini mpaka kiunoni, kaokota alivyoviona, kavifunga sanda, tukamzika upya kiwanjani kwake Mapinga. Katuapisha tusikwambie. Kasema utaumia bure, na uko peke yako."

Mwaka mzima! Kila Ijumaa namwombea mama dua nikiliona kaburi lile moyoni, kumbe pale pana maji matupu. Hili limeniuma kuliko lile la mahakamani, na sitakudanganya kwamba nimesamehe. Wewe unaliita sitara. Mimi nasema umeninyima kumlilia mama yangu, na watu wa makaa umewapa cha kuchekea.

Jaji ameruhusu tulete hati ya kiapo kabla ya mwezi huu kwisha. Bila hiyo ushahidi wangu unatupwa, na kwetu hapatatajwa tena katika kesi hii. Nenda kwa wakili hapo mjini, uape, uandike. Usianze na salamu. Anza na asubuhi ile: maji yalikufika wapi, ulishika nini, ulimbebaje. Na usithubutu kusema mmezoea.

Na mimi nikwambie langu, maana ugonjwa huu tunao wote. Siku ya pili baada ya mahakama, msimamizi alininyang'anya funguo za vyumba. Sina kazi, na chumba ninacholala ni cha watu wa mgodi, nimeambiwa nihame. Ule ujumbe niliokutumia juzi kwamba kazi inakwenda vizuri ulikuwa uongo mtupu.

Mama Mdogo mwambie sina kinyongo naye, yeye angalau alisema. Wifi Mwajuma, mkeo, mpe salamu zangu, na bwana harusi wa binti yenu mwambie shangazi mtu atakuja kumkagua siku moja. Wewe salamu yako nimeshakupa pale juu, inatosha.

Ni mimi mdogo wako, na hali yangu ni mbaya,

Rukia