Nimeosha kaktasi za mama mkwe

Shoga, uko? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unaikumbuka ile trei ya mama mkwe pale dirishani, iliyofunikwa nailoni? Leo nikasema niwe mkwe mwema, nimsaidie usafi. Nafunua, mchanga umejaa vitone vya kijani. Nikajua ni kuvu. Nikavikwangua kwa mswaki wa zamani, VYOTE, nikamwaga kwenye sinki. Na kujisifu juu!

Mama akaingia: "Kaktasi zangu ziko wapi?"

Kaktasi gani tena, mama? Kaktasi si zina miiba?

"Zikianza kuota hazina miiba, mwanangu."

Hazina miiba, shoga!! Miezi miwili anazinyunyizia maji. Na mbegu zilitoka kwenye kaktasi ya marehemu baba mkwe, ile iliyooza. Nyingine hakuna.

Hakunigombeza. Bora angenitukana. Kapiga magoti, kafungua bomba chini ya sinki, anachuja tope kwa kichujio cha chai, mimi namshikia tochi ya simu, jasho linanitoka.

Kapata kimoja. Kimoja tu. Kakiweka kwenye kizibo cha soda, akanikabidhi.

"Hiki utakilea wewe."

Nakuandikia kwa mkono mmoja, shoga. Naogopa kukiweka chini.