Kuku Wako Wameisimamisha Gesti, Baba Neema

Mpendwa baba Neema,

Mwanao anakuamkia. Mimi bado nimenuna kidogo, ila nimekukumbuka kuliko nilivyonuna.

Unakumbuka wakati wa korona, watalii walipoacha kuja mbugani na barabara ya Iringa ikapoa mpaka mbwa wakawa wanalala katikati ya lami? Tuliuza televisheni, tukauza na friji. Nilipotaka kuuza magodoro ukasimama mlangoni. "Gesti bila godoro ni ghala, mama Neema." Ukaleta vifaranga, ukavifuga chumba namba nne, na kila ukienda kuvilisha ulipiga hodi kwanza. Nilikupenda upya kwa hodi zile.

Kisha akaja mgeni wa kwanza, yule bwana wa Berega. Tuliwatoa kuku, tukapiga deki namba nne siku nzima, lakini harufu ya kuku haina adabu. Asubuhi akakwambia mbele za watu, "Ndugu yangu, umenilaza bandani." Wote tukacheka, wewe hukucheka. Wiki haikuisha ukafunga begi, ukaenda kukata miwa kwenye mashamba ya Ruaha. "Gesti ikisimama tena nitarudi," ulisema.

Basi imesimama, na walioisimamisha ni kuku wako. Niliwajengea banda uani, nikaanza kupika supu. Madereva wa malori walikuwa wakisimama kunywa na kuondoka. Siku hizi wanalala kabisa ili waiwahi ikiwa ya moto. Watalii nao wanarudi mmoja mmoja. Mkopo wa kikoba nimeumaliza, na bati lililokuwa likivuja nimelibadilisha. Hata bwana wa Berega hulala hapa kila akipita, na kila mara huuliza, "Mwenye kuku hajarudi tu?" Namwongezea supu.

Pesa unazotuma zinafika, ahsante. Lakini mimi sikuolewa na simu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuchekwa siku moja hakujamfukuza mtu kwake. Au kuna kingine kinachokuweka huko? Naogopa kuuliza, ndiyo maana naandika.

Jumamosi vyumba vyote vilijaa. Akaja mgeni usiku umeingia, akaniomba nikalale na Neema nimwachie chumba chetu, atalipa mara mbili. Nikamwambia hicho kina mwenyewe, yuko njiani anakuja.

Njoo, usinifanye mwongo.

Mkeo,
Mama Neema