Unyayo Usoni

Jumatatu, 5 Juni
Nimepewa mshauri wa sukari — wa kwenye simu! Msichana yuko Bangkok, mimi niko Khon Kaen, eti ndiye wa kunipangia nile nini. Jina lake Kaofang, yaani mtama. Mtama ananikataza wali wa kunata! Nikamwambia hivyo, akacheka. Meno mengi, adabu haba. Anataka picha ya kila sahani. Nimempelekea ya sahani tupu. Ashibe nayo.

Jumanne, 6 Juni
Makubwa haya! Leo Mtama anataka nimwonyeshe nyayo kwenye video. Niinue mguu niuelekeze usoni mwa mtu! Mimi, mwalimu wa ngoma ya jadi, niliyewafukuza watoto darasani kwa kumnyooshea mwenzao mguu tu!
"Sukari inaua hisia, Mwalimu. Unaumia hujui, kidonda kinaoza, mwisho mguu unakatwa."
Mguu wangu mwenyewe, nisijue! Asiyefunzwa na mamaye... Nikamkatia simu.

Jumatano, 7 Juni
Nimetembea sokoni na ndala moja. Thongbai, jirani yangu muuza saladi ya papai, akapiga kelele: "We Mwalimu! Ya pili umemwachia nani?" Soko zima kicheko. Sikuhisi ilipochomoka. Ndala za siku hizi, takataka tupu.

Alhamisi, 8 Juni
Siku ya kuwasujudia walimu. Wanafunzi wangu wa zamani wamekuja na maua na watoto wao. Wote magoti chini, vichwa miguuni pangu. Raha iliyoje! Ila katoto kamoja kakaziba pua. "Bibi, mguu wako unanuka." Mama yake akakafinya. Watoto wa leo hawalelewi, wanafugwa.
Walipoondoka nikaisugua miguu kwa ndimu na chumvi. Haikuniwasha hata kidogo.

Jumamosi, 10 Juni
Madoa mekundu kwenye vigae, toka jikoni mpaka kitandani. Nimemgombeza paka weee — kumbe kalala juu ya kabati, miguu safi.
Nikakaa chini. Nikajaribu kuutazama unyayo wangu. Mgongo umegoma kupinda. Mgongo huu!
Nimempigia Mtama. Nikaunganisha viganja, nikamwomba radhi, nikauinua mguu. Aibu! Nilifumba macho.
 
"Sema basi, mtoto we! Mdomo umeenda wapi?"
"Mwalimu... kuna msumari humo ndani. Usikanyage tena. Nani yuko nyumbani?"
Hakuna mtu. Nimemwita Thongbai kwa sauti, anakuja, kaniambia nisimkatie Mtama simu. Naandika ili nisimtazame Mtama usoni. Ananitazama yeye. Sauti ya upole sasa, siipendi kabisa.
"Mwalimu, minya kidole gumba cha mguu. Unahisi?"
Nahisi, nimemjibu. Kwani mimi mti?
Naendelea kukiminya. Nimeingiza kucha. Damu inatoka, naiona tu —